LaserJet 1100: karatasi inavyokwama ndivyo inavyokuonyesha kilichochakaa

HP LaserJet 1100 ni printa ya leza iliyotoka mwaka 1998. Inachapa kurasa 8 kwa dakika na inatumia katriji ya wino ya 92A, ambayo hutoa kurasa 2,500 hivi. Injini yake ni ya Canon, ileile iliyomo ndani ya printa ya Canon LBP-800, na ni imara kwelikweli. Kinachoiangusha ni njia ya karatasi. Trei imesimama wima, mdomo juu, kwa hiyo vumbi linashuka moja kwa moja hadi kwenye rola.

Karatasi zikianza kukwama, wengi hukimbilia kununua rola. Usinunue kitu bado. Kazi ya kuvuta karatasi inafanywa na vipande vitatu: rola, padi ya kutenganisha karatasi na solenoidi (sumaku ya umeme inayoiachia na kuisimamisha rola). Kila kimoja kina kosa lake. Weka karatasi 10, chapa kurasa tano, halafu tazama kinachotokea.

Ukisikia rola inazunguka lakini karatasi haisogei, au inaingia kwa kuchelewa kisha taa ya kukwama inawaka, raba ya rola imekuwa laini kama kioo. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji kidogo, ukiizungusha hadi kitambaa kisitoke na weusi. Ikiwa bado inateleza, tumia spiriti ya aisopropili, lakini kwa uchache, maana spiriti inakausha raba. Kuna wanaoikwaruza kwa msasa laini. Itavuta tena, ila kwa muda tu, kwa sababu raba iliyokufa haifufuki. Hapo ndipo rola mpya ina haki ya kununuliwa.

Zikiingia tatu au nne kwa pamoja, zimepishana kidogo kama karata zilizotandazwa, tatizo ni padi. Hiki ni kipande kidogo kinachobanwa na springi dhidi ya rola, na kazi yake ni kuizuia karatasi ya pili isiifuate ya kwanza. Uso wake ukisuguliwa hadi ukaanza kuteleza, kinaziachia zote. Tatizo hili lilienea kwenye 1100 hadi HP yenyewe ikatoa kifurushi cha marekebisho. Kusafisha padi husaidia kwa siku chache. Dawa ni kuibadilisha. Ukibadilisha padi, badilisha na rola, kwa sababu rola ya zamani ikisuguana na padi mpya inayokamata sawasawa, utaondoa tatizo la pili na kurudishiwa la kwanza.

Sasa kosa linalowapoteza hata mafundi: karatasi ya kwanza inaingia vizuri, na kabla mkia wake haujapita, ya pili inaifuata na kuishia nusu njiani. Hapo rola haina hatia, wala padi. Rola ya 1100 ina umbo la herufi D na inatakiwa izunguke mara moja tu kwa kila karatasi. Anayeisimamisha ni solenoidi: koili ndogo yenye ulimi wa chuma unaokamata jino la gia. Umeme ukipita, ulimi unavutwa na gia inaachiwa. Umeme ukikatika, springi inaurudisha ulimi uizuie gia. Kati ya ulimi na koili kuna kipande cha sponji cha kupunguza kelele. Baada ya miaka mingi sponji hiyo huyeyuka na kunata kama ulimbo. Ulimi unachelewa kubanduka, jino la gia linapita, na rola inaanza mzunguko wa pili bila kuamriwa.

Marekebisho yake hayana gharama. Chomoa waya wa umeme na usubiri nusu saa, kwa sababu sehemu ya kuchomea wino inaunguza. Toa katriji uifunike kwa kitambaa kizito, mwanga usiifikie. Ondoa kifuniko cha upande wenye gia, utafute koili yenye nyaya mbili na ulimi unaoshikwa na springi. Inua ulimi kwa kibano na ukwangue sponji kwa kijiti cha meno, kisha futa kwa spiriti hadi kidole kisinate kabisa. Usiache chuma kikigusana na chuma, maana sumaku inayobaki itaendelea kuung'ang'ania ulimi. Bandika kipande cha tepu ya kitambaa chenye upana wa milimita 5 hivi, tabaka moja au mawili. Ukizidisha unene, ulimi hautavutwa vya kutosha kuiachia gia, na rola haitazunguka kabisa. Springi usiiguse; ikipinda, utatafuta nyingine kwa tabu.

Taa ya kukwama ikiwaka na hakuna karatasi ndani, mulika kwa tochi ukitafuta kijipande kilichochanika chini ya kijiti cha sensa. Na karatasi ikitoka imejikunja kama feni, hiyo ni habari ya sehemu ya kuchomea wino. Utando wake huenda umechanika.

Kwa walio Mombasa, Tanga au Zanzibar: jaribu marekebisho kwa karatasi ya gramu 80 kutoka rimu iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Karatasi iliyolala wazi kwenye trei inanyonya unyevu, inashikamana, na inaweza kukufanya uihukumu padi isiyo na kosa kuwa mbovu.