Siku moja kitaluni Dodoma: mpingo na mninga

Saa 12 asubuhi. Ni Agosti, upepo unakausha udongo upesi, kwa hiyo tunamwagilia kabla jua halijapanda. Miche ya mpingo inapata maji ya kutosha. Viriba (mifuko ya miche) vya mninga vya mwaka jana vinanyunyiziwa kidogo tu.

Saa 2. Kuchanganya udongo: ndoo 3 za udongo wa msituni, 1 ya samadi iliyooza, 1 ya mchanga. Udongo uliochotwa chini ya mpingo au mninga wenyewe ndio bora, kwa sababu una bakteria wanaoishi kwenye mizizi na kuipatia naitrojeni.

Saa 3. Mpingo ni mwepesi kuotesha. Ganda lake ni jembamba kama karatasi, lina mbegu 1 au 2. Tulizoloweka jana kwenye maji baridi kwa saa 24 tunazisia leo, mbili kila kiriba, kina cha sentimita 1.

Saa 5. Hapa kazi inapungua kasi. Ganda la mninga ni duara, limezungukwa na bawa, na katikati limejaa miiba. Tunavaa glavu, tunakata bawa kwa mkasi wa kupogolea, kisha tunapasua kitovu taratibu. Ukiharakisha unakata mbegu, na mara nyingi ndani imo moja tu.

Saa 8. Mteja anasimama kwenye viriba vya mninga: "Mama, hivi si vimekufa?" Havijakufa, baba. Kiangazi shina la mche wa mninga hukauka hadi chini, mzizi mnene unabaki hai, mvua zikianza linachipua. Huenda ikawa hivyo miaka kadhaa kabla shina halijasimama. Miche mingi hutupwa kwa kutojua hili, na inaniuma.

Kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, mpingo uko karibu na kutishiwa, mninga umewekwa kwenye wasiwasi mdogo. Biashara ya kimataifa ya mpingo inadhibitiwa na Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Mninga ulifuata kwa uamuzi wa 2022. Lakini kitaluni mninga ndio mgumu kuurudisha. Anayeukata kwa kuwa "bado upo" hajawahi kuuotesha.

Saa 11 jioni. Maji ya pili kwa mpingo. Viriba vya mninga vinavyoonekana tupu vinapangwa upande wa kivuli, kila safu na kibao: mwaka wa kusia, na chini yake, USITUPE.