Mwacheni mzee anyanyuke mwenyewe

Kuna jambo linaniuma sana, nalo ni jinsi tunavyowaketisha wazazi wetu kwa mapenzi. Mtu akishapita miaka 70, kila kitu anapokonywa mkononi: kaa mama, tulia baba, nitakuletea. Nia ni njema kabisa, lakini misuli isiyopewa kazi husinyaa, na hilo halihitaji hata uzee.

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wa miaka 20, wazima wa afya, kwa wiki 3 mfululizo. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika kazi nzito ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakaitwa wale wale wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nikiisoma habari hiyo huwa najiuliza: kama kitanda kiliwafanya hivyo vijana, mtu wa miaka 78 je?

Jibu nililiona kwa baba. Alilazwa kwa nimonia, na alipotoka mapafu yalikuwa yamepona, ila miguu haikuwa ile aliyoingia nayo. Nilimtazama akitaka kuinuka kitini. Alirudisha nyayo nyuma, akakandamiza viganja kwenye mapaja, akajisukuma mbele mara ya kwanza, ya pili, akafika nusu, kisha akaanguka kitini kwa kishindo. Mtaalamu wa fiziotherapia alikuja akamwangalia, akasema hicho kishindo ndicho kinachomtia wasiwasi zaidi: paja halina tena nguvu ya kuuzuia mwili unaposhuka.

Alitueleza vizuri sana. Misuli ina nyuzi za taratibu, zinazotuwezesha kusimama na kutembea muda mrefu, na nyuzi za kasi, za kuruka ngazi au kujidaka unapojikwaa. Umri ukisogea, hizi za kasi ndizo hupungua na kukonda zaidi. Neva zinazoziamuru hufa moja moja; baadhi ya nyuzi huokolewa na neva za jirani na kugeuka kuwa za taratibu, nyingine hupotea. Ndiyo maana mzee akijikwaa hujiona kabisa anaanguka, lakini mguu wa kumdaka unachelewa.

Sasa hapa ndipo penye habari njema, na natamani kila mwenye mzazi aijue. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha utafiti wa wakazi wa makao ya wazee, watu dhaifu wa miaka 86 hadi 96. Waliwafanyisha mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu, uzito wa kweli, mara 3 kwa wiki, wiki 8. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha mikongojo. Miaka 90, jamani! Walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, karibu theluthi ya nguvu yao ikapotea. Basi si dawa ya kumeza mara moja ukamaliza.

Mwaka 1994 wakarudia kwa watu 100, na wengine wakapewa lishe ya nyongeza bila mazoezi. Lishe peke yake haikuongeza nguvu. Protini ni muhimu, mzee asiinyimwe, lakini misuli haijengwi kwa chakula tu.

Baba alianza na kiti kilichoegemezwa ukutani, juu yake mto ili kimo kiongezeke na ugumu upungue. Anainuka bila kutumia mikono, anashuka polepole tukihesabu hadi 4. Kushuka ndiko kulikomtoa jasho. Miguu ilipozoea tukaondoa mto, baadaye akawa anakumbatia begi lenye vitabu kifuani. Kusimama kwa mguu mmoja anakufanya kando ya meza, kidole kimoja kikigusa ubao. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, anayebanwa kifua au kupata kizunguzungu, aonane na daktari kwanza; wengine wote sioni sababu ya kungoja.

Matembezi nayapenda, moyo unayahitaji, lakini hayatoshi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuufanya mwili usiyumbe angalau siku 3 kwa wiki, mbali na kutembea. Sehemu hiyo ya ushauri ndiyo tunayoiruka.

Ukitaka kujipima, kaa kwenye kiti imara kisicho na mikono, mikono imepishana kifuani na viganja vikiwa mabegani, kisha simama wima na kukaa mfululizo kwa sekunde 30, mtu akuhesabie. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume asiyefikisha mara 14, au mwanamke asiyefikisha 12, yuko chini ya wastani. Kwa miaka 75 hadi 79 kiwango ni 11 kwa wanaume na 10 kwa wanawake. Kaka yangu mkubwa, mwenye miaka 62, alijaribu mbele ya baba na hakufikisha. Siku hizi wanafanya mazoezi pamoja, na baba ndiye anayehesabu.