Ukisikia honi fupi tano pale Feri

Nikisema mi ni rubani watu wanauliza ndege gani, nawaambia meli, hapo ndo wanashangaa maana wanajua meli ina nahodha wake sasa mi nafanya nini. Ni hivi, nahodha bahari kubwa anaijua sana tu ila mlango wetu haujui, na mlango wa bandari ya Dar ni mwembamba na una kona, so napanda kumuongoza mpaka gatini. Chombo kinabaki chake, akiona nakosea ana haki ya kunizuia. Ndo maana kabla ya yote tunaongea, meli inakula maji mita ngapi, yaani imezama kiasi gani, injini ikirudi nyuma tezi (nyuma ya meli) inavutwa upande gani, tagi, zile boti za kuvuta meli, tunazifunga wapi. Msipoelewana hapo mnaenda mrama kweli.

Ila kwanza nipande. Boti inatupeleka huko nje upande wa Makatumbe, inajibana ubavuni mwa meli na zote mbili zinatembea, afu unashika ngazi ya kamba. Msimu wa kusi boti inapanda na kushuka vibaya mno. Unaishika ngazi boti ikiwa juu kabisa ya wimbi na unapanda hapohapo, ukizubaa wimbi linalofuata linakuja na boti kukubana miguu. Kuna siku nilikuta kamba ya ngazi imechakaa karibu na kipandio cha tatu, nyuzi zimefumuka kabisa, nikakataa. Nahodha akafoka kwamba anachelewa, nikamwambia badilisha ngazi ndo napanda. Wakaibadilisha. Marubani wenzetu duniani wanakufa kwa ngazi kama zile, kwahiyo kwenye hili sibembelezi mtu.

Sasa ninachotaka mjue watu wa Kigamboni na Magogoni. Meli haina breki. Ukizima injini inaendelea kuserereka, tena hapo ndo mbaya zaidi maana panga la injini huko chini lisiposukuma maji usukani unakosa nguvu, meli inakuwa kama gogo. Kwahiyo mnavyoona inakuja taratibu mkadhani itawapisha, haiwezi, kulia kina kinaisha na kushoto kina kinaisha. Na kutoka brijini, chumba cha juu tunapoongozea meli, kwenye meli iliyojaa makontena maji ya mbele karibu na omo (pua ya meli) siyaoni kabisa, ngalawa ikiingia pale imenipotea. Watu wa pantoni wanalijua hili, wanasubiri tupite. Shida ni vyombo vidogo.

Honi fupi tano za harakaharaka maana yake sielewi unachofanya, toka. Sio salamu.

Juzi maji yamejaa bamvua, nina meli zaidi ya mita 200, mbele yangu mzee na kijana kwenye ngalawa, tanga limelegea hamna upepo. Nikapiga tano. Kijana akashika kasia, anapiga huku anageuka kutuangalia, anapiga, anageuka. Nikampunguzia mwendo mpaka pale usukani bado unashika, zaidi ya hapo sina cha kufanya, nahodha pembeni yangu kanyamaza kimya. Wakapotea chini ya omo. Nilihesabu mpaka kumi na nne ndo nikawaona wanatokea upande wa kushoto, mzee kasimama anapunga mkono.

Tulivyofika gatini kamba ya kwanza imeshatupwa, nahodha ananipa kahawa, nikashindwa kushika kikombe, mikono inatetemeka.