Siku moja maishani mwangu: nakuza peji za biashara bila kununua foloaz

Saa 12 na nusu asubuhi

Kazi yangu ni kuendesha peji za watu wa biashara, Instagram, Facebook na TikTok, na kabla sijagusa kitu kingine chochote nafungua komenti zilizoingia usiku. Foloaz wangapi wameongezeka nitaangalia baadaye. Watu wengi wanaperuzi usiku wakishatulia, na maswali wanayouliza muda huo ni ya mtu anayetaka kununua kweli, sasa mtu kauliza saa 5 usiku, anaamka anakuta kajibiwa vizuri kabla hata hajatoka kwenda kazini, huyo hatakusahau. Leo kwenye peji ya fundi mabegi ya ngozi kuna anayeuliza kama begi la mgongoni linaingiza laptopu ya inchi 15, mwingine anauliza ngozi ikilowa inakuwaje, na kuna mmoja kaandika neno moja tu, "bei".

Hapo kwenye "bei" ndo huwa tunabishana sana na wateja wapya ninaowafanyia kazi. Wengi wamezoea kujibu "njoo DM" au "cheki inbox", yani njoo kwenye meseji za faragha, na sababu zao nazielewa, wanaogopa washindani wataona, au bei inabadilika kutokana na saizi na aina ya ngozi. Ila hebu kaa upande wa anayesoma. Aliyeuliza ni mmoja, nyuma yake wapo kibao wenye swali hilohilo ambao hawataandika chochote, wanashuka tu na komenti wakitafuta jibu, wakikuta "njoo DM, njoo DM" imejipanga mpaka chini wanaondoka zao. Na mshindani akiitaka bei yako atajifanya mteja akuulize huko huko DM, kwa hiyo mwisho wa siku uliyemficha ni mnunuzi. Mimi naandika bei wazi, naweka saizi zilizopo, nasema begi linachukua siku ngapi kutengenezwa, alafu namalizia na swali dogo, "unalitaka la kazini au la safari?" Mtu akijibu hilo tayari tunaongea, na fundi anajua ni begi lipi watu wanalihitaji.

Saa 2 asubuhi

Sasa naingia kwenye takwimu za peji. Kitu ambacho wenye biashara wengi hawajaambiwa ni kwamba foloaz wako hawaoni kila unachoposti, na sio kwamba umefungiwa wala umelogwa. Instagram iliacha kupanga posti kwa mfuatano wa muda mwaka 2016, ikaanza kupanga kwa kukisia nini kitamvutia kila mtu. Januari 2018 Facebook nao wakatangaza kwamba posti za ndugu na marafiki zitapewa kipaumbele kuliko za peji za biashara, na waliokuwa wanategemea peji tu waliona namba zao zinashuka. Kwa hiyo kila posti inaanza upya, inabidi ijipiganie yenyewe.

Inajipigania kwa kutumia nini? Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, Januari 2025 alitaja mambo matatu yenye uzito zaidi: muda ambao mtu anaangalia, laiki, na watu kutumiana kwa DM. Akasema laiki zina nguvu zaidi kwa watu wanaokufolo tayari, na kutumiana ndo kuna nguvu zaidi ya kukufikisha kwa wasiokujua. Mimi nikaanza kuisoma takwimu kwa jicho hilo na kazi ikabadilika kabisa. Ile picha kali ya begi jekundu, mwanga umekaa vizuri, ilipata laiki nyingi na haikuleta karibu mtu yeyote mpya. Ile video ya fundi anaonyesha pembe iliyokatwa ya ngozi halisi na ya ngozi bandia, moja ina nyuzinyuzi, nyingine ina plastiki juu na kitambaa chini, laiki za kawaida tu lakini watu wameitumiana balaa. Ukifikiri unaona kwa nini, kuna mtu ana rafiki anayetaka kununua begi, kamrushia, "ona hii kabla hujalipa". Sasa swali ninalojiuliza kabla ya kushuti chochote ni hilo tu, nani atamtumia nani hii na atamwambia nini. Nikikosa jibu sishuti.

Saa 3 na nusu mpaka saa 6

Niko karakana kwa fundi. Asubuhi nilishamtumia lile swali la ngozi kulowa maana liliwahi kuulizwa na mwingine pia, kwa hiyo ndo video ya leo. Fundi ni mtu mzima, ananiita mdogo wangu, na mwanzoni alitaka kila video ianze na "habari zenu wapendwa, karibuni sana". Adabu ni nzuri na naiheshimu, ila mtu anayeperuzi kidole kinamtembea, ukisalimia sekunde tano keshapita.

"Kaka, salamu tutaiweka mwisho. Anza na maji."

Basi akachukua kikombe, akamimina maji juu ya kipande cha ngozi ya kahawia, yakaanza kuingia, doa jeusi likatanuka taratibu mpaka ukingoni. Hiyo ndo sekunde ya kwanza ya video. Nimefuta kioo cha kamera kwa kitambaa kabla (yani futeni kamera jamani, nusu ya video za ukungu ni alama za vidole), simu imesimama wima, tupo pembeni ya dirisha mwanga unatoka ubavuni, sijaweka muziki kwa sababu sauti ya karakana yenyewe, nyundo inagonga, uzi wenye nta unavutwa, ni tamu kuliko wimbo wowote. Alafu akaongea kama anavyoongea na mteja aliyesimama mbele yake: "Ikilowa usiisugue. Ikandamize kwa kitambaa kikavu kinywe maji. Usiianike juani wala karibu na moto, itakakamaa ipasuke. Iache kivulini yenyewe, ikikauka ipake mafuta ya ngozi." Nikamuomba arudie ile ya juani, kwa sababu ndo kosa watu wanalofanya, akaleta begi la mteja lililoanikwa, akalikunja kidogo likaonyesha nyufa. Hatukuandaa hilo. Vitu vizuri kwenye video huwa fundi anavitoa kabatini katikati ya maongezi, kazi yangu ni kamera iwe bado inarekodi.

Saa 7 mchana

Kuhariri. Nakata kila mahali anapovuta pumzi ndefu, ila yeye nisimkate akawa mashine, watu wanamfolo kwa vile alivyo. Naandika maneno chini ya anachosema maana wengi wanaangalia sauti imezimwa, na maneno hayo siyaweki chini kabisa ya skrini, kapsheni (yale maelezo ya posti) ya Instagram na TikTok inakaa hapo pamoja na jina la akaunti, kulia kuna vitufe vya laiki na komenti, ukiweka maandishi huko yanafunikwa.

Kapsheni nayo. Instagram inaruhusu herufi 2,200 lakini mtu anaona mstari wa kwanza tu mpaka agonge "zaidi", kwa hiyo mstari wa kwanza lazima ujitegemee. Naandika kama mtu anavyotafuta, "jinsi ya kukausha begi la ngozi lililolowa", sababu watu siku hizi wanatafuta humo humo ndani ya TikTok na Instagram, na tangu Julai 2025 posti za wazi za akaunti za biashara za Instagram zinaweza kutokea hata Google. Hashitegi naweka tatu au nne zinazohusu ngozi na mabegi. Ule mtindo wa zamani wa kujaza thelathini, nusu yake hazina uhusiano, haukusaidia.

Saa 9 alasiri

Simu na dada mwenye duka la kutengeneza simu, mteja wangu mpya. Kaja na moto: "Jirani yangu ana foloaz elfu themanini, mimi nina mia nane, nimepata mtu anauza, tununue tu dada." Nikamwambia tufungue peji ya jirani pamoja. Posti ina laiki chache mno kwa idadi ile, komenti ni emoji za moto zilezile kutoka akaunti zisizo na picha, hakuna hata mmoja anayeuliza kioo. Foloaz wa kununua ni kama kujaza ukumbi masanamu, hawapigi makofi wala hawanunui, na kila unachoposti kinaonekana hakina mvuto kwa sababu waliooneshwa hawafanyi kitu. Tena Instagram ilitangaza toka Novemba 2018 kwamba inafuta laiki, foloaz na komenti za akaunti zinazotumia programu za kujiongezea watu, kwa hiyo hela yenyewe inaweza kupotea. Giveaway ya "folo utag watu watano" naiona haina tofauti kubwa, inaleta wanaotaka zawadi, wakishaikosa wanaondoka.

Alikaa kimya kidogo. Nikamuuliza, watu wakija dukani swali gani linakuchosha kwa kurudiwa? Akacheka, "simu mgongo umeinuka, wanasema kava limeharibika, kumbe betri imevimba." Na wanaendelea kuichaji? "Wanaendelea!" Basi hapo hapo tukapata video yake ya kwanza, inaanza na simu iliyovimba imelazwa mezani inayumba, na anasema acha kuichaji, usiitoboe, usiibane irudi, peleka kwa fundi. Hii mama atamtumia mwanae, mwana atamtumia mama. Mia nane wanatosha kabisa kuanzia.

Saa 11 jioni

Naposti ya ngozi. Huu muda sikuutoa kichwani, takwimu za peji ya fundi zinaonyesha watu wake wanaingia kuanzia hapa, yako inaweza kuwa tofauti kabisa kwa hiyo angalia yako. Nikishaposti sitoki, nabaki nayo kama saa nzima najibu kila anayekuja, kwa sentensi kamili na sio emoji. Komenti nzuri naibandika juu. Mmoja kasema yeye lake aliliweka juani na likapasuka, anauliza linapona? Fundi mwenyewe nikampigia, akasema nyufa ndogo zinafichika ukilisha mafuta mara kwa mara, nyufa kubwa hazirudi. Nikaliandika hivyo hivyo. Kumdanganya mteja kwamba litapona kungempendeza jioni hii tu.

Katikati ya hapo napita kwenye peji nyingine ambazo watu wetu wapo, wanaouza laptopu, wanaopenda safari, wapiga picha. Mtu kauliza begi la kamera linalostahimili mvua, nikamjibu anachotakiwa kuangalia, mshono, zipu, bitana la ndani, na sikuweka "tembelea peji yetu". Jina la peji lipo pale juu ya komenti, akitaka ataligonga.

Saa 2 usiku

Stori. Zinakaa saa 24 tu kwa hiyo huku natulia zaidi, sio lazima zipendeze. Naweka kura, rangi gani itengenezwe wiki ijayo, nyeusi au kahawia iliyokolea, na matokeo yanafuatwa kweli, fundi anakata ngozi iliyoshinda na tunawaonyesha. Kuna dada katutag na begi lake, nikamuomba ruhusa kabla ya kurusha picha yake, kakubali ila kasema nizibe uso wa mtoto, nikaziba.

Saa 3 na nusu usiku

Nahamishia maswali ya leo kwenye daftari, kila peji na ukurasa wake. Kwa fundi limeingia la laptopu ya inchi 15, nimeshamwandikia kesho aazime laptopu ya saizi hiyo, aiingize kwenye kila begi la mgongoni alilonalo mbele ya kamera, na lile lisiloingia aliseme pia.