Maji ya Moshi hayangoji nyuzi 100

Jumatano iliyopita nilisimama mbele ya walimu wenzangu nikiwa na daftari la mwanafunzi mkononi. Ilikuwa zamu yangu kuongoza jumuiya ya ujifunzaji ya shule yetu, ile tunayokaa kwa ajili ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Nilikuwa nimeandaa mada nyingine kabisa, kuhusu kazi za vikundi. Niliiacha kwenye droo.

Ndani ya daftari lile kuna mstari wa kalamu nyekundu, na kalamu ni yangu. Kidato cha Tatu walichemsha maji maabara wakasoma kipimajoto. Kikundi kimoja kikaandika nyuzi 97. Nikakata, nikaandika 100, nikawaambia kipimajoto chao kimechoka. Kijana mmoja akasema taratibu, "Madam, tumebadilisha, na cha pili kinasoma hivyo hivyo." Nikamwambia tuendelee na somo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaingia maabara peke yangu na vipimajoto vitatu. Vyote vikagota 97. Ndipo nikakumbuka jambo nililolijua tangu chuo, nikalifundisha miaka tisa bila kulihusisha na mji ninaoishi: 100 ni ya usawa wa bahari. Moshi tuko zaidi ya mita 800 juu yake. Hewa inayoyakandamiza maji huku ni pungufu, kwa hiyo yanachemka mapema. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinapungua takriban nyuzi moja. Arusha, kwenye mita 1,400, ni kama 95. Kileleni Kibo, juu kabisa ya Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu 80 tu.

Nilirudi darasani nikawaomba radhi. Yule kijana akasema baba yake ni mpagazi mlimani, na kila akishuka husimulia jinsi maharage yanavyogoma kuiva kambi za juu hata ukichochea moto namna gani. Mtoto alikuwa na maelezo yote kutoka kwao nyumbani, na mimi nilimnyamazisha.

Hayo ndiyo niliyowasomea wenzangu, pamoja na lile neno "kimechoka". Zamu zangu zote za nyuma nilileta vipindi vilivyofana. Walinipigia makofi, wakaenda zao. Safari hii palikuwa kimya kwanza. Kisha mwalimu wa hisabati akauliza ni majibu mangapi ya watoto tumeyakata kwa sababu tu hayafanani na ya kitabuni. Mwalimu wa baiolojia, mzee wetu anayekaribia kustaafu, akatueleza la kwake, la miaka mingi iliyopita, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Sitaliandika hapa, ni lake. Tulitoka saa kumi na moja jioni na chai imepoa kwenye chupa.

Mwalimu wa jiografia anaishi Marangu, juu kuliko sisi. Ijumaa aliondoka na kipimajoto kimoja, amekifunga kwenye kitambaa. Jumatano hii zamu ni yake.