Mlio mdogo wa "tak"

Leo mchana, baada ya wiki tatu za kuchora na kufuta, kiunganishi changu cha waya na pini kimestahimili jaribio la kuvutwa bila kuachia.

Vile viwili vya mwanzo nilivilehemu, nikiamini kwamba hakuna kifungo imara zaidi. Kumbe lehemu ikiyeyuka hupanda katikati ya nyuzi za shaba na kuzikakamaza, kwa hiyo mtetemo ulizikata pale pale lehemu ilipoishia.

Safari hii nimebana tu. Mabawa mawili ya pini yanakumbatia shaba tupu, na mawili ya nyuma yanashika ganda la waya, ili mvuto uishie kwenye ganda.

Kilichonigusa hasa ni ulimi mwembamba wa chuma ulio ubavuni mwa pini: ukiisukuma pini ndani ya kasha la plastiki la kiunganishi, ulimi unajikunja, unavuka kizingiti, kisha unafyatuka na kulia "tak".

Nimeurudia mlio huo mara nyingi kuliko jaribio lilivyohitaji.

Bado nahofia joto, kwa sababu mguso wa pini ukilegea, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) huongezeka, pini hupata moto na plastiki huanza kulainika. Wenzangu mliowahi kubuni viunganishi, mnafanyaje ili pini isilegee baada ya kuchomekwa na kuchomolewa mara 100?