Nilivyopima mtazamo wa watu Tanga kuhusu watoto wa wazazi wa jinsia moja

Nyie mlionishauri "tafsiri tu dodoso la Wazungu uingie nalo mtaani", Mungu anawaona. Utafiti wangu ulikuwa unauliza watu wanamchukuliaje mtoto anayelelewa na wazazi wawili wa jinsia moja. Mtoto jamani, sio hao wazazi, na hapo ndo nilikuwa sieleweki. Vibali nilipata, mwenyekiti wa mtaa akanipa kijana wa kunitembeza.

Nikaanza Ngamiani na skeli ya Likert, ile ya tangu 1932, nakubali sana mpaka sikubali kabisa. Bi mkubwa mmoja yuko barazani anachambua mchicha, shikamoo, marahaba, nikamsomea swali la kwanza, akamtazama yule kijana wa mwenyekiti, akanitazama mimi, "Mwanangu, kwanza nani kakutuma?" Majirani washasogea. Akajibu sikubali kabisa, na waliofuata wote sikubali kabisa, mpaka swali la huyo mtoto akiugua atibiwe! Hapo umepima woga tu, na sheria ya nchi kuhusu mambo haya mnaijua.

Dawa ikawa mbinu ya orodha. Watu unawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu, la kwanza unawasomea sentensi nne za kawaida, nimewahi kwenda Pemba, napenda chai ya tangawizi, za hivyo, la pili zilezile nne na ya tano, "ningemruhusu mwanangu acheze na mtoto anayelelewa na wanaume wawili wanaoishi kama mume na mke". Mtu hasemi ipi, anasema ngapi. Sasa ujanja wangu mwenyewe: kete za bao! Kila sentensi inayomhusu anahamisha kete moja mkono wa pili, chini ya kanga huko, mwisho ananionyesha idadi. Choroko nilijaribu zinadondoka ovyo, kuku wanakula data. Wastani wa kundi la pili utoe wa la kwanza, tuseme 2.4 kutoa 2.1 ni 0.3, na hiyo imeletwa na ile sentensi ya tano tu, basi 30 kati ya 100 wangemruhusu. Ila weka sentensi moja ambayo karibu kila mtu ataikataa, maana mwenye kete zote tano keshajianika. Na watu wawe wengi, wakiwa wachache hiyo tofauti inayumba vibaya.

Wamama walicheka, wakajibu, hakuna aliyeniuliza tena nimetumwa na nani. Msimamizi wangu aliyesema huo ni mchezo wa watoto juzi kanipigia anaulizia kete nilinunua wapi. Sokoni mzee, elfu mbili tatu hivi.